KUVUJA KWA OILI KATIKA GIABOKSI YA PIKIPIKI YA ZAMANI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi katika mkutano wa mwezi. Yamepigwa chapa hapa kwa maombi ya ndugu ambao walikuwa zamu siku ile.)



Kamati ilituomba tueleze kazi tuliyoifanya jioni na siku za Jumapili, nje ya saa za kazi, juu ya pikipiki ya marehemu mwenzetu. Wengine wamesikia habari nusu nusu, na wengine wamesikia tu ya kwamba mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Kwa hivyo leo tutaeleza yote, pamoja na makosa yetu, ili mtu mwingine asiyarudie.

Pikipiki yenyewe ni Norton ES2 ya mwaka 1958. Ina silinda moja, na injini yake ni ya sentimita za ujazo 490. Marehemu aliirithi kwa baba yake, akaitunza, na wengi wenu mlimwona akija nayo kazini. Alipofariki, shemeji yetu alikata shauri kuiuza ili apate ada ya shule ya binti yake. Shauri hilo lilikuwa jema, maana pikipiki za namna hii zina watu wanaozitafuta siku hizi, nao hulipa vizuri.

Mnunuzi akaja. Aliitazama injini, akaipenda. Kisha akainama akaona sahani ya bati iliyowekwa chini, nayo imejaa oili nyeusi. Akasema, "Mama, giaboksi hii imekufa. Nitakupa nusu ya bei." Sisi watatu tulikuwako siku ile. Shemeji alitutazama, na sisi tukaona haya. Tukamwambia mnunuzi atupe mwezi mmoja. Akakubali.

KOSA LETU

Ndugu, twataka kuanza na kosa. Sisi ni mafundi wa reli, na tulijiona ya kwamba giaboksi ndogo kama ile haiwezi kutushinda. Hatukuuliza oili inatoka wapi. Tuliona tone chini, tukashika spana.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza, tulikaza kila skrubu tuliyoiona, tena kwa nguvu za kukazia bolti za behewa. Skrubu moja ya kifuniko cha nje ikazunguka bure, maana mwili wa giaboksi ni wa aluminiamu, na uzi wa skrubu ndani ya aluminiamu hung'oka upesi. Pili, tulinunua gundi ya kuzibia, ile inayokauka kama mpira, tukaipaka kila mahali, hata pale juu waya wa klachi unapoingilia, na kuzunguka kofia ya kutilia oili. Tatu, tulijaza oili mpaka juu kabisa, tukisema, "Kwa kuwa inapungua, tuizidishe."

Tukaiosha kwa petroli. Ikang'aa. Asubuhi yake chini palikuwa pakavu, nasi tukafurahi.

Mwenzetu mmoja akaichukua kuijaribu. Alikwenda mwendo mrefu, giaboksi ikapata moto. Aliporudi, kwenye kona ya kuingilia nyumba zetu, gurudumu la nyuma liliteleza kama limekanyaga ganda la ndizi. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Tulipoitazama tairi ya nyuma tuliikuta imelowa oili upande wa kushoto. Cheni nayo ilikuwa ikichuruzika.

Yeye mwenyewe yupo hapa, na ametupa ruhusa tuyaseme haya. Mwajua ya kwamba yeye ni kibarua. Asipokuja kazini hapati mshahara. Alikaa nyumbani wiki sita. Mchango mlioutoa ninyi ndio uliolisha watoto wake, nasi twashukuru tena mbele yenu. Lakini lawama ni yetu. Hatukutengeneza kitu; tulificha tu.

OILI ILIENDA HUKO KWA SABABU GANI

Baada ya hapo tulikwenda kwa mzee mmoja mstaafu, fundi wa siku nyingi. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akatuuliza neno moja: "Mliiona ikitoka wapi?" Tukanyamaza. Akasema, "Basi hamkuwa mkitengeneza. Mlikuwa mkibahatisha."

Akatuonyesha mambo ambayo tulipaswa kuyajua. Ndani ya giaboksi mna oili kidogo na hewa nyingi. Mashine ikipata moto, hewa hupanuka. Hewa ya vipimo 20 vya sentigredi ikifika 80 hutaka nafasi zaidi, karibu moja ya tano ya ile ya kwanza. Kama ina mahali pa kutokea, hutoka polepole wala hakuna neno. Sisi tulikuwa tumeziba matundu yote ya juu. Basi hewa ikatafuta mlango mwingine, nayo ikaisukuma oili mbele yake. Tena oili yenyewe tulikuwa tumeizidisha, imefika juu ya shafti. Mlango uliobaki ulikuwa sili ya zamani iliyokauka, nyuma ya sproketi. Huko ndiko oili ilikotokea, ikaangukia cheni, na cheni ikaitupa kwenye tairi.

Kwa hivyo, ndugu, tulibadilisha kasoro ya kuchafua sakafu tukaifanya kasoro ya kuangusha mtu.

OILI TATU

Jambo la kwanza alilotufundisha mzee ni kwamba pikipiki ya namna hii ina oili tatu mbalimbali, na zote huanguka karibu mahali pamoja. Injini ina oili yake. Kasha la cheni ya mbele, lenye klachi ndani yake, lina oili yake nyepesi. Giaboksi ina oili yake nzito. Katika pikipiki nyingi za leo injini, klachi na gia hukaa ndani ya mwili mmoja na hutumia oili moja. Katika Norton ile giaboksi ni kitu cha peke yake, kimefungwa nyuma ya injini.

Upepo wa safari husukuma oili yote kwenda nyuma. Oili ya injini ikivuja mbele, itaonekana chini ya giaboksi. Na lile kasha la cheni la Norton za miaka ile ni la bati, vipande viwili vyenye mpira katikati, vimeshikwa na nati moja kubwa. Bati hilo likipindika kidogo tu huvuja. Watu wengi wamefungua giaboksi nzima kumbe oili ilikuwa ya kasha la cheni.

Utazitambuaje? Chovya kidole. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na nyepesi. Oili ya gia hunata, na harufu yake ni kali, kama ya kiberiti, kwa sababu ya dawa za salfa zilizomo. Oili ya kasha la cheni huwa na unga mweusi wa klachi. Ukiona oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ujue maji ya mvua yameingia. Katika giaboksi maji huweza kupitia juu pale waya wa klachi unapoingilia, kama kile kifuniko cha mpira kimechakaa.

JINSI YA KUTAFUTA

Sasa tusikilizane vizuri, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni spana tu.

Safisha mashine yote kwa mafuta ya taa na brashi, chini na juu, mpaka uone rangi ya chuma. Ikaushe kwa kitambaa. Angalia kipimo cha oili, usizidishe wala usipunguze. Kisha chukua poda ya mtoto, ile ya kupaka mwilini, upulize kidogo kuzunguka viungo vyote: kwenye ukingo wa vifuniko, kwenye shafti ya kiki, kwenye shafti ya kubadilishia gia, na chini. Upande wa sproketi weka poda kidogo tu, maana cheni itaichafua.

Endesha polepole, robo saa, mahali pasipo na magari mengi. Rudi, simamisha, shika tochi, utazame. Poda nyeupe hugeuka rangi mahali oili inapotokea. Anza kutazama juu, ushuke chini. Alama ya juu kabisa ndiyo chanzo. Nyingine zote ni njia ya maji.

Kisha tandaza gazeti chini, uache usiku kucha. Asubuhi tazama matone yameanguka upande gani. Matone ya kulia, upande wa kiki, mara nyingi ni ya vifuniko au ya shafti ndogo. Matone ya kushoto, upande wa cheni, ni ya sili kubwa, au ya kasha la cheni. Mkijua mtokeo, ndipo mtafute spana.

UPANDE WA KULIA

Upande wa kulia wa giaboksi una vifuniko viwili, cha nje na cha ndani. Katikati ya kila kimoja kuna gasketi ya karatasi. Kiki na pedali ya gia vinatokea kwenye kifuniko cha nje.

Mwaga oili kwanza. Fungua waya wa klachi, ondoa mkono wa kiki na pedali, kisha legeza skrubu zote nusu mzunguko mmoja mmoja, kwa kupishana, zisije zikapinda kifuniko. Kikinata, kigonge kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha ubao. Usichomeke bisibisi katikati ya vifuniko. Alama ya bisibisi kwenye aluminiamu ni mfereji wa oili, nao hauzibiki kwa gasketi. Sisi tulizikuta alama tatu za namna hiyo, za fundi aliyetutangulia.

Ili kujua kama uso wa kifuniko umenyooka, weka karatasi ya msasa laini juu ya kioo kinene, umwagie mafuta ya taa kidogo, usugue kifuniko polepole kwa kuzungusha. Mahali palipoguswa patang'aa, mahali palipo chini patabaki peusi. Usisugue mpaka uumalize uso. Sugua mpaka ung'ae mzunguko wote, basi. Na ukimaliza osha sana, maana chembe ya msasa ikiingia kwenye beringi huisaga.

Gasketi mpya inaweza kununuliwa, au kukatwa nyumbani kwa karatasi ya gasketi. Ipake grisi kidogo pande zote mbili. Kama uso umenyooka, grisi yatosha. Gundi nyingi haisaidii: ile inayojikamua kuingia ndani hukatika, ikaelea katika oili, ikaziba matundu ambayo oili ilipaswa kupitia.

Shafti ya kiki na shafti ya pedali hupita ndani ya kifuniko. Mahali penye pete ya mpira, ibadilishe. Bei yake ni ndogo kuliko kikombe cha chai. Lakini shika shafti kwanza uitikise. Kama inacheza juu na chini, bushi yake imelika, na pete mpya haitakaa siku nyingi. Hapo bushi ndiyo ya kubadilishwa.

Ile skrubu tuliyoiharibu tuliitengeneza kwa kutoboa tundu, kukata uzi mkubwa zaidi, na kutia koili ya uzi ya chuma ndani yake. Sasa yashika kuliko zamani. Lakini kazi hiyo ilikula jioni mbili, kwa sababu ya nguvu za dakika moja.

UPANDE WA KUSHOTO

Hapa ndipo palipokuwa na ugonjwa wetu. Tueleze kwanza palivyo.

Katikati ya giaboksi ya Norton ile mna shafti kubwa. Shafti hiyo hutokea upande wa kushoto, na mwishoni mwake ndipo klachi ilipofungwa. Lakini shafti haitokei peke yake. Imepita ndani ya gia yenye tundu refu kama bomba, na juu ya bomba hilo ndipo sproketi ya cheni ya nyuma ilipokaa. Kwa hivyo oili ina njia tatu za kutoroka upande huu.

Njia ya kwanza ni nje ya bomba, katika sili iliyo nyuma ya sproketi. Sili ikikauka au mdomo wake ukilika, oili hutoka ikaangukia cheni.

Njia ya pili ni ndani ya bomba, baina yake na shafti. Humo mna bushi za shaba. Zikilika, oili hupita, ikatokea karibu na klachi.

Njia ya tatu ni ndani ya shafti yenyewe, maana shafti hiyo ina tundu katikati, na ndani yake mna ufito wa chuma unaosukuma klachi. Oili ikizidishwa katika giaboksi hufuata ufito huo mpaka kwenye sahani za klachi. Hapo utaona klachi inateleza: injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Watu hununua sahani mpya, nazo zikaloa tena. Sahani hazikuwa na hatia.

Ili kuifikia sili, ni lazima kufungua kasha la cheni, springi na sahani za klachi, kitovu cha klachi, sproketi ya injini pamoja na cheni yake, halafu bati la ndani la kasha. Sproketi ya injini imekaa juu ya shafti iliyochongoka. Itolewe kwa kifaa cha kuvutia, isipigwe nyundo. Ndipo utaiona sproketi ya giaboksi na nati yake kubwa.

Tafadhalini shikeni neno hili: nati hiyo hufunguka kwa kuzungusha kwa mkono wa kulia, kama saa inavyokwenda. Uzi wake ni wa kinyume. Kwanza ondoa kibati kinachoifunga na skrubu yake. Cheni ya nyuma iwe ingali imefungwa, mwenzako akanyage breki ya nyuma, nawe uvute spana ndefu. Mtu asiyejua hili huikaza badala ya kuifungua, mpaka akaharibu uzi, na hapo hasara yake ni kubwa.

Sproketi ikitoka, shika gia ya bomba uitikise, kisha shika shafti uitikise ndani yake. Yetu shafti ilikuwa ikicheza kidogo tu, si sana. Sili nayo ilikuwa ngumu kama kucha. Mdomo wake haukugusa kitu tena. Kumbe giaboksi haikufa. Kilichokufa ni kipande cha mpira.

Ng'oa sili ya zamani kwa uangalifu, usikwaruze nyumba yake. Soma namba iliyoandikwa juu yake, au ipime kwa kipimio: upana wa tundu, upana wa nje, na unene. Kwa vipimo hivyo watu wanaouza beringi mjini waweza kukutafutia inayofanana nayo. Na hata kwa jina si shida, maana giaboksi hii iliyotoka katika kampuni ya AMC ya London mwaka 1956 iliendelea kutumika, pamoja na mabadiliko kadhaa, katika Norton Commando mpaka miaka ya 1970, kwa hivyo vipuri vyake vingali vikitengenezwa.

Kabla ya kutia sili mpya, pitisha ukucha juu ya chuma kinachozunguka ndani ya mdomo wake. Ukucha ukinasa katika mfereji, sili mpya haitazuia kitu. Kilainishe kwa msasa laini sana, au ubadilishe kipande hicho.

Sili huingizwa upande wenye springi ukiwa ndani, ukitazama oili. Pakeni grisi kwenye mdomo. Fungeni utepe mwembamba juu ya meno ya bomba, yasiukate mpira wakati wa kupita. Isukume sawasawa kwa kipande cha bomba chenye upana kama wake. Ikienda upande itapinda. Kama ni lazima kutoa beringi nyuma yake, pashia mwili wa giaboksi moto kwanza. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili kuliko chuma, kwa hivyo nyumba ya beringi hufunguka na beringi hutoka bila kupigwa. Tone la maji likichemka juu yake, moto watosha. Msitumie moto wa kulehemu, na hakikisheni hakuna petroli karibu.

Meno ya ndani ya sproketi pia hupitisha oili polepole. Hapo ndipo gundi kidogo inapofaa, kidogo tu, kisha kaza nati, na urudishe kibati chake cha kufungia.

Neno jingine kwa ninyi wenzetu. Bushi moja ilihitaji leithi. Wengine walisema, "Si tuna leithi karakanani? Nani atajua?" Sisi tulikataa. Chombo cha mwajiri kikitumika kwa siri, mtu aweza kupoteza kazi kwa jambo la dakika kumi, na chama kitakosa neno la kumtetea. Tulikwenda kwa fundi wa mtaani mwenye leithi yake, tukamlipa, akaiingiza bushi na kuisawazisha kwa kipimo cha shafti.

OILI GANI, NA KIASI GANI

Vitabu vya miaka ile viliagiza oili nzito ya injini, namba 50. Siku hizi wengi hutia oili ya gia namba 90. Msidhani ya kwamba 90 ni nzito karibu mara mbili ya 50. Namba hizo zimepimwa kwa mizani mbili tofauti, na kwa kweli uzito wa oili hizo mbili wakaribiana sana. Lililo muhimu ni kwamba ndani mna bushi za shaba. Ukinunua oili ya gia soma mkebe: ile ya GL-4 inafaa, nyingi za GL-5 zina dawa kali zaidi, ambazo zaweza kuila shaba ikipata moto. Na grisi nzito isitiwe badala ya oili ili kuzuia kuvuja. Haifiki kwenye bushi ndogo, na giaboksi hufa kweli.

Kiasi chake ni kama nusu lita. Lakini usitegemee mkebe. Kwenye kifuniko cha nje, chini, mna skrubu ndogo ya kipimo. Simamisha pikipiki wima, ifungue, utie oili polepole kwa juu. Inapoanza kutoka kwenye tundu hilo, acha. Subiri mpaka iishe kudondoka, kisha funga. Kazi nzima ya kuzuia oili isifuate ufito wa klachi ni kuitii skrubu hiyo ndogo.

Gundi tuliyoipaka kwenye waya wa klachi na kofia ya juu tuliikwangua yote. Tulitia kifuniko kipya cha mpira kwenye waya, kinachozuia mvua wala hakizuii pumzi. Tairi ya nyuma tuliiosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, na breki ya nyuma tuliifungua kuona kama oili imeingia. Haikuingia. Kama ingaliingia kwenye viatu vya breki, vingalibadilishwa, maana kiatu kilicholowa oili hakiaminiki tena.

MWISHO WA MAMBO

Tuliendesha mara tatu kwa poda na gazeti. Mara ya kwanza gazeti lilikuwa na matone mawili, nayo yalikuwa ya kasha la cheni. Tukainyosha bati, tukabadili mpira. Mara ya tatu palikuwa na alama moja ndogo kama sarafu, baada ya usiku mzima. Mzee alicheka akasema, "Hiyo ni jasho, si jeraha. Mashine ya miaka ile yenye gasketi za karatasi itatoka jasho."

Mnunuzi alirudi siku aliyosema. Mmoja wetu alitaka tuifute ile alama kabla hajafika. Shemeji ndiye aliyekataa. Alisema, "Mliificha mara moja, mtu akavunjika mkono. Mwacheni aone." Basi tukamwonyesha gazeti lenyewe, na sili ya zamani, na bushi iliyolika, na skrubu iliyotiwa uzi mpya. Tukamweleza ya kwamba itatoka jasho kidogo. Aliitazama ile sili kwa muda mrefu, akaikunja, ikavunjika mkononi mwake. Akalipa bei yote iliyotajwa mwanzoni. Binti wa marehemu yuko shuleni sasa. Alichelewa siku nane tu.

Ndugu, tumeulizwa kwa nini jambo la pikipiki lisomwe katika mkutano wa chama. Jibu letu ni fupi. Kila siku mambo huvuja katika kazi zetu: zamu zisizoandikwa, saa za ziada zisizolipwa, vifaa vya usalama visivyofika. Na mara nyingi sisi hufanya kama tulivyofanya kwa ile giaboksi: twapiga kelele pale tone lilipoangukia, twakaza kila kitu kwa hasira, au twaosha ili wakubwa wakija waone pakavu. Katibu wetu akiwauliza, "Lilianza lini, wapi, kwa nani?" msimkasirikie. Anatafuta alama ya juu kabisa.

Ndugu yeyote mwenye pikipiki ya zamani inayovuja, na aje Jumapili alasiri kwenye kibanda nyuma ya nyumba zetu. Malipo hatutaki. Aje na mafuta ya taa, kitambaa, na kopo la poda. Spana tutamwonyesha baadaye.